Zeze la Gurudumu

Sanduku lilifika Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba mwaka wa 2022, mwenyewe akiwa bado usingizini. Alikuwa mlezi wa zamu ya usiku katika makao ya wazee jijini Coventry, nchini Uingereza, na kwa miaka 13 mchana wa watu wengine ndio uliokuwa usiku wake. Bintiye ndiye aliyelipokea mlangoni. Halikuwa zito. Kama si karatasi za forodha zilizobandikwa juu yake, mtu angedhani limebeba kamusi mbili tu.

Aliposhuka ngazi alasiri alimkuta binti ameketi mbele ya sanduku kama mtu alindaye chungu mekoni. Wakalifungua pamoja. Ndani mlikuwa na mbao za plaiwudi zilizokatwa tayari kwa mashine, gurudumu la mbao lenye ukubwa wa kisahani cha chai, mhimili wa chuma, mfuko wa skrubu, nyuzi zilizoviringishwa, donge la ulimbo mkavu lililofungwa kitambaani, na kijitabu cha maelezo.

"Baba, ni nini hiki?"

"Ni zeze, Mama."

"Zeze lenye gurudumu?"

Alimwita Mama kwa sababu binti alirithi jina la nyanyake wa Siaya, ambaye hakuwahi kumwona ila kwenye picha.

Swali la binti halikuwa la kitoto. Ala yenyewe Waingereza huiita hadigadi. Wafaransa huiita vielle à roue, Wajerumani Drehleier, na watu wa Galicia kule Uhispania huiita zanfona. Kiswahili hakijapata kuhitaji jina lake, na yamkini jibu la papo kwa hapo la baba yule si baya, maana ndivyo ala ilivyo. Katika zeze la kawaida mchezaji husugua uzi kwa upinde. Upinde una mwanzo na mwisho. Ukifika nchani sharti urudi, na hapo sauti hupumua. Katika hadigadi ni kana kwamba upinde umekunjwa ukawa duara. Mchezaji huipakata ala mapajani, huzungusha mpini kwa mkono wa kulia, na gurudumu lililopakwa ulimbo huzisugua nyuzi bila kukoma. Mkono wa kushoto hubonyeza vibonyezo vilivyopangwa ubavuni mwa kisanduku kirefu. Kila kibonyezo husukuma kijino cha mbao kikaugusa uzi wa wimbo mahali pake. Kikiachiliwa, huanguka chenyewe kwa uzito wake. Kandokando kuna nyuzi nyingine zisizobonyezwa na chochote, ambazo huvuma sauti ile ile moja tangu mwanzo hadi mwisho, wimbo ukitembea juu yake.

Kisha kuna mbwa. Uzi mmoja kati ya hizo za mvumo umekalia daraja dogo lenye miguu miwili, mmoja umeshikizwa na mwingine umeachwa huru. Mchezaji akilikazia gurudumu ghafla kwa kifundo cha mkono, ule mguu huru huupigapiga ubao wa sauti na kutoa mkwaruzo mkali kama wa mdudu aliyenaswa kwenye kopo. Wafaransa hukiita kijidaraja hicho chien, yaani mbwa, na kubweka kwake ndiko ngoma ya ala hii. Hivyo wimbo, mvumo na mapigo hutoka katika kisanduku kimoja mikononi mwa mtu mmoja. Si ajabu kwamba katika vijiji vya Berry na Bourbonnais, katikati mwa Ufaransa, mtu mwenye hadigadi aliweza kuchezesha arusi.

Ni mkwaruzo huo uliomsimamisha mara ya kwanza. Ilikuwa mwaka wa 2019, alipokuwa akikatiza magofu ya kanisa kuu la kale la Coventry, lililopigwa mabomu mwezi wa Novemba mwaka wa 1940 na ambalo kuta zake zimeachwa zimesimama bila paa. Kijana mmoja alikuwa ameketi chini ya ukuta akicheza. Yeye alikuwa ametoka kazini, macho yakimwasha kwa usingizi, na bado alisimama pale hadi baridi ikampenya viatuni. Ala hakuijua. Sauti aliijua.

Babake alikuwa mpigaji wa orutu. Msomaji aliyekulia Nyanza hahitaji kuelezwa: ni zeze la Waluo lenye uzi mmoja, kisanduku chake cha sauti kimewambwa ngozi ya kenge, nao upinde wake ni wa nyuzi za katani. Huo uzi mmoja hausemi kwa upole. Hukwaruza, hulia, huteta. Na katika matanga ya kijijini sauti yake iliweza kuwanyamazisha watu waliokuwa wakigombania viti. Mzee alikuwa akialikwa mbali. Lakini mwana alikuwa hodari wa vitabu, na katika shule ya bweni aliyosomea orutu ilikuwa mzaha. Siku moja ya wazazi, alipokuwa kidato cha pili, babake alikuja moja kwa moja kutoka matangani na ala yake kwapani. Mwana alimwona kutoka dirisha la bweni. Hakushuka. Alimwomba mwenzake akaseme kwamba anaumwa, na mzee akaacha mkate na shilingi hamsini kwa mwalimu wa zamu, akaenda zake.

Mara mbili likizoni mzee alijaribu kumfunza, na mara zote mbili aliishia kuutwaa upinde na kusema, "Mkono wako una haraka." Hawakurudia mara ya tatu.

Mzee alifariki mwezi wa Juni mwaka wa 2020. Kenya ilikuwa imesimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje tangu tarehe 25 Machi, na hazikurejea hadi tarehe 1 Agosti. Mazishi aliyatazama kwenye simu akiwa jikoni, amesimama. Rafiki wa marehemu alipiga orutu kando ya kaburi, lakini mtandao ulikuwa dhaifu na sauti ikafika vipande vipande, kama neno linalotafunwa. Miezi kadhaa baadaye alimuuliza kaka yake orutu ya mzee iko wapi. Ngozi ilikuwa imeliwa na panya, kaka alisema, na mti wake watoto waliuchezea hadi ukapotea.

"Ungeuliza alipokuwa hai," akaongeza, wala hakusema kwa ukali.

Basi pale mezani, sanduku likiwa wazi, binti aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: mbona asinunue orutu? Baba alimjibu kwamba orutu haiuzwi katika sanduku lenye kijitabu. Jibu hilo lilikuwa kweli. Lilikuwa pia njia ya kulikwepa swali, na wote wawili walilijua hilo, maana binti alianza kuzihesabu skrubu.

Walianza kazi juma lililofuata katika chumba kidogo cha ghorofani. Juma la kwanza lilikuwa la raha tupu. Plaiwudi iliyokatwa kwa mashine haina ubishi: ulimi wa kipande hiki huingia katika tundu la kile, gundi ikapakwa, klampu zikakazwa, na asubuhi ya pili kuna pembe imara ambayo jana haikuwako. Binti alikuwa msomaji wa kijitabu na baba alikuwa mikono. Mwili wa ala ukasimama, mbavu zake zikajikunja, ubao wa sauti ukafunikwa juu. Kila kitu kilinukia gundi na vumbi la msasa. Mtu yeyote aliyepata kufuata maelezo hatua kwa hatua anaijua hadaa ya hatua hii: mwenye kufuata hujiona fundi.

Kosa lilikuja kwenye gurudumu. Kijitabu kilionya kwa herufi nzito kwamba gurudumu lishikizwe kwenye mhimili likiwa sawa kabisa, kisha gundi iachwe ikauke siku nzima. Yeye alilishikiza asubuhi, saa moja na nusu, akitoka kwenye zamu ambayo wazee wawili walikuwa wamefariki. Alitaka kumaliza jambo moja lililo zima kabla ya kulala. Alipoamka, gurudumu lilikuwa limeshika, na likizungushwa lilichechemea. Mchechemeo wenyewe ulikuwa wa unene wa unywele, lakini katika hadigadi unywele ni mwingi. Gurudumu lisilo duara kamili huukandamiza uzi upande mmoja na kuuacha upande wa pili, hivyo sauti huvimba na kunywea katika kila mzunguko.

Alikaa siku mbili bila kuligusa. Kisha akafanya walivyofanya mafundi tangu kale: alifunga kibao imara karibu na gurudumu, akakivika msasa, akamwambia binti azungushe mpini polepole huku yeye akikisogeza kibao kwa kiasi kisichoonekana. Msasa uligusa pale palipozidi tu. Walifanya hivyo jioni tatu kabla ya zamu zake, saa nzima kila jioni, bila mazungumzo mengi. Jioni ya tatu msasa uligusa duara yote kwa mlio mmoja usiokatika.

Vibonyezo navyo vilikuwa 24, kila kimoja na vijino viwili kwa ajili ya nyuzi mbili za wimbo, kwa hivyo vijino 48. Hapa binti alipata hesabu aliyoipenda kuliko ya shuleni. Urefu wa uzi unaolia ulikuwa sentimita 34.5. Kijino kikiugusa katikati, kwenye sentimita 17.25, uzi hutoa noti ile ile ya juu zaidi. Kikiuacha uzi wa theluthi mbili, yaani sentimita 23, hutoa noti ya tano. Lakini hesabu humfikisha mtu karibu tu. Kila kijino huweza kugeuzwa kidogo kushoto au kulia, na kazi iliyobaki hukamilishwa na sikio. Binti alitumia programu ya simu inayopima sauti. Baba alitumia sikio, na mara nyingi walihitilafiana.

Usiku, wazee wa makao walipolala, alisoma habari za ala hiyo kati ya kengele moja na nyingine. Alisoma kwamba juu ya mlango wa magharibi wa kanisa kuu la Santiago de Compostela, ambao mawe yake ya juu yana tarehe ya mwaka wa 1188, kumechongwa wazee wawili walioipakata hadigadi ya kale kwa pamoja, kwa sababu katika karne ya 12 ilikuwa ndefu kiasi cha kuhitaji watu wawili: mmoja wa kuzungusha, mwingine wa vibonyezo. Alisoma pia kwamba baadaye ilishuka hadhi ikawa ala ya ombaomba na vipofu, kisha katika karne ya 18 makabaila wa Ufaransa wakaipenda ghafla, na fundi Henri Bâton wa Versailles akaanza kuijengea katika miili ya magitaa na ya vinanda vya zamani vya nyuzi. Joseph Haydn alimtungia mfalme wa Napoli muziki wa aina ya ala hiyo. Mitindo ikapita, makabaila wakaitupa, na wakulima wakabaki nayo. Mwaka wa 1827 Franz Schubert alipohitimisha mfululizo wa nyimbo zake za safari ya majira ya baridi, aliuhitimisha kwa mzee maskini anayezungusha hadigadi pembeni mwa kijiji, asiyesikilizwa na mtu.

Kilichomgusa zaidi ni habari za Ukrainia. Huko wachezaji wake wengi walikuwa vipofu waliokwenda kijiji hadi kijiji wakiimba, na mwanafunzi aliishi na mwalimu wake kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kutembea peke yake. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kisovieti iliwaandama, na mnyororo ule ukakaribia kukatika. Alisoma aya hiyo mara mbili, akaifunga simu.

Nyuzi zilitiwa mwezi wa Januari mwaka wa 2023. Walipaka gurudumu ulimbo, wakafunga pamba kwenye nyuzi mahali zinapogusana na gurudumu kama kijitabu kilivyoelekeza, na baba akazungusha mpini. Ilitoka sauti ya mlango wa ghala. Binti alicheka hadi akaketi sakafuni. Wakaongeza ulimbo, ikapiga mayowe, wakaupunguza, ikanyamaza. Wakaongeza pamba, ikawa kama mtu anayenong'ona akiwa na mafua. Kijitabu kilisema pamba iwe kidogo na ifungwe kwa wepesi, na baada ya juma zima la jitihada ilidhihirika kwamba maneno hayo mawili, kidogo na wepesi, hayana maana yoyote kwa mtu asiyejua tayari.

Hatimaye alipata habari za fundi mmoja mzee katika mji jirani aliyekuwa akitengeneza ala za nyuzi. Alimpeleka binti pia. Walisafiri kwa basi, ala ikiwa imeviringishwa blanketi. Mzee yule hakuuliza kijitabu kilisema nini. Aliiweka hadigadi mapajani, akazungusha mara moja, akafumba macho.

"Wewe ni muuguzi?" akauliza.

"Ni mlezi wa wazee."

"Nilidhani. Umezifunga nyuzi bandeji."

Akaichomoa pamba yote. Alitwaa nyingine, akaivuta hadi ikawa utando ambao mwanga ulipita ndani yake, akauacha uzi wenyewe uichukue gurudumu lilipozunguka. Akarudia kwa kila uzi. Kisha akakata kipande cha karatasi ya bahasha, akakiweka chini ya uzi mmoja juu ya daraja, akasikiliza, akakitoa, akakikunja mara mbili, akakirudisha. Kazi yote haikuzidi dakika 20. Alipozungusha tena, chumba kilijaa mvumo mpana na wa utulivu, na juu yake wimbo mfupi aliouchezea vidole vitatu. Baba na binti hawakutazamana.

Mzee alikataa malipo. Badala yake alimfanya baba achomoe pamba yote aliyoitia na kuitia upya mwenyewe, mara nne, hadi akaridhika. Ilikuwa saa mbili za usiku walipoondoka.

Mbwa ndiye aliyekataa kufunzwa. Kumfanya abweke wakati unaotakiwa kunahitaji kifundo cha mkono kisukume gurudumu kidogo katika sehemu maalumu ya mzunguko bila kuvuruga mwendo wake, na yeye kila alipojaribu, mbwa alibweka mahali pasipo pake au hakubweka kabisa. Mkono wake ulikuwa bado na haraka. Lakini mwezi wa Machi waligundua jambo. Akiachiliwa kazi ya vibonyezo, akawa na mpini peke yake, mkono ulitulia. Basi binti akavuta kiti ubavuni pake na kushika vibonyezo, na ala iliyotengenezewa mtu mmoja ikachezwa na wawili, kama ile ya mawe ya Santiago. Jirani aligonga ukuta mara mbili, kisha akaacha.

Walimpigia kaka simu ya video wamsikizishe. Aliwasikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, simu ikimwonyesha utosi tu.

"Inavuma kama nyuki," akasema. "Lakini huyo anayekwaruza, huyo namjua." Akanyamaza. "Mwacha asili ni mtumwa, ndugu yangu."

Methali hiyo hutupwa kirahisi mno na walio nyumbani kwa walio mbali, na mara nyingi ni kofi lililovishwa nguo ya hekima. Hata kaka huenda aliliona hilo, maana alibadili sauti. Alisema kuna mzee ng'ambo ya soko, aliyekuwa akipiga pamoja na marehemu, ambaye bado hutengeneza orutu.

"Nimtumie pesa atengeneze moja?"

"Atakutengenezea. Lakini pesa zitakuletea ala, hazitakuletea mkono. Yeye hana karatasi ya kukutumia. Ukitaka, njoo uketi naye."

Iliwachukua hadi Desemba mwaka huo kupata nauli ya watu wawili na likizo ya majuma matatu. Ala ya plaiwudi haingesafiri; hewa ya ndege na joto la nyumbani vingelipinda gurudumu lililowagharimu jioni tatu. Usiku wa kuamkia safari alizilegeza nyuzi moja baada ya nyingine, akaichomoa pamba, akalifunika gurudumu. Kisha akalitwaa donge la ulimbo, akaliweka ukingoni mwa meza na kuligonga kwa mpini wa nyundo. Likapasuka vipande viwili visivyolingana. Kile kikubwa alikifunga kitambaani, akakitia katika mfuko wa koti.

"Ni cha nani hicho?" binti akauliza.

"Cha yule mzee, wa kupaka upinde wake."

"Atakihitaji?"

"Sijui, Mama. Huenda ana wake."